Nilivyonunua Ovaloki Nikiwa na Mama Mkwe

Mimi naitwa Oswald, fundi cherehani wa Mikumi, kibanda changu kiko barabarani kabisa, malori ya Zambia yakipita vumbi lote linaishia kwangu. Nataka mnielewe jambo moja kwanza: kwenye kupatana bei mimi sijawahi kushindwa. Sijisifu. Waulizeni wauza vitambaa wa soko la Kilosa, wakiniona naingia wananuna kabla sijafungua mdomo. Watu wengi wanapatana kwa mdomo, wanalialia, "nipunguzie kaka, hali ngumu". Upuuzi mtupu! Mimi napatana kwa miguu. Nataja bei yangu, wakikataa nageuka na kuondoka. Nikifika hatua ya kumi na tano wananiita. Wasiponiita nakwenda kweli, kwa sababu muuzaji anamjua mtu anayejifanya kuondoka na anamjua anayeondoka.

Sasa mtu kama mimi, safari niliyoisubiri miaka tisa, nikaenda kuifanya na mama mkwe.

Niwaeleze habari ya ovaloki. Ni ile mashine inayokata na kufunga pindo la nguo kwa ndani lisifumuke. Mimi sikuwa nayo. Miaka tisa nimekuwa nikishona nguo Mikumi, nazifunga kwenye mfuko wa shangazi kaja, napanda basi hadi Kilosa kwa fundi mmoja mwenye ovaloki, naketi kwenye benchi lake kama mgonjwa nikisubiri amalize za kwake. Siku nyingine ananiambia rudi kesho. Rudi kesho! Toka Mikumi! Halafu mwaka huu shule moja ya upande wa Kilangali ikataka suti za michezo mia mbili na arobaini. Mwalimu mkuu alikuwa mama asiyetaka mchezo. Aliniambia, "Fundi, Jumatatu nakuja kwako kuiona mashine kwa macho yangu. Nisipoiona, kazi naipeleka Morogoro." Nikamjibu mashine ipo njiani. Haikuwa njiani. Hata kununuliwa ilikuwa haijanunuliwa.

Ilitokea kwamba shemeji yangu Irine, mdogo wa mke wangu, ameolewa Nairobi na alikuwa amejifungua. Mama mkwe, mama Anastazia wa Mabwerebwere kule Kilosa, alikuwa kwake mwezi mzima akimlea mzazi. Ikabidi mtu amfuate. Irine alikuwa ameshaniulizia, akasema ovaloki zilizotumika kidogo zipo tele kule, ukipatana vizuri unaipata kwa thelathini na nane elfu ya Kenya. Dar wangenitoza karibu mara mbili. Mke wangu Lea akasema, "Baba Upendo, nenda uchukue mashine yako, urudi na mama. Nauli moja, kazi mbili." Nikaona ni akili. Kumbe!

Kwa kina Lea, mama mkwe na mkwe wake hawaongei ana kwa ana. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Ana neno, anamtuma mtu wa tatu, hata kama mmekaa hatua mbili. Sisi wajukuu wa manamba wa mashamba ya mkonge hatukukulia mambo hayo. Babu zetu walitoka huku na huku, kila mtu alikuja na mila yake na wengi ziliwapotelea njiani. Lakini nilipomwoa Lea nilikubali, na niliishika heshima hiyo miaka kumi na minne bila kuteleza. Hata rangi ya macho ya mama mkwe wangu sikuwa naijua. Nyumbani haisumbui, maana Lea yupo, watoto wapo, ujumbe unakwenda na kurudi. Nairobi kwa Irine nako ikaenda vizuri siku mbili. Siku ya soko, ambayo ndiyo siku ya safari, mtoto mchanga akaamka na homa. Irine akampeleka hospitali. Tukabaki mimi, mama mkwe, mabegi mawili, na basi la saa tisa alasiri.

Soko lenyewe ni jengo la ghorofa saba, lote maduka kwa ndani, hakuna dirisha, mchana kweupe taa zinawaka. Njia zake ukinyoosha mikono unagusa maduka ya pande zote mbili. Mahali pa namna hiyo mtu anatembeaje na mama mkwe? Sipaswi kumgusa. Sipaswi kumsogelea. Nilitangulia na mabegi yote mawili, yeye nyuma, kila baada ya hatua chache nageuza shingo nitafute khanga yake ya manjano bila kumtazama usoni, huku wauzaji wananivuta shati, "Bosi, ingia! Bosi, hapa!" Jasho lilikuwa linanitiririka hadi miguuni.

Mashine zilikuwa ghorofa ya nne, na mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo ni lifti. Kilifti chenyewe kinachukua watu sita waliobanana. Nitabanana na mama mkwe? Nikamwambia kijana wa lifti, "Huyu mama mshushe ya nne," nikapanda ngazi mbio na mabegi, nikafika nahema, mlango wa lifti ukafunguka, mama hayumo. Nikasubiri. Ikaja tena, hayumo. Nikashuka ya tatu, nikashuka ya pili, nikapanda ya tano, nikauliza watu wote kama wamemwona mama wa khanga ya manjano. Nusu saa nzima! Nilikwishaanza kutunga nitakavyomwambia Lea kwamba mama yake nimempoteza.

Niliporudi ya nne nikamkuta. Amekaa kwenye kigoda ndani ya duka la mashine, anakunywa chai ya maziwa.

"Karibu, baba Upendo," akaniambia mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyevaa baibui. Sijawahi kumwona maishani mwangu, ananiita kwa jina la mwanangu! "Mimi ni Yusrah. Mama keshanieleza yote. Basi lenu ni saa tisa, na mwalimu awangoja Jumatatu. Hebu poa, mashine leo waipata."

Jamani, kuna mambo mawili ambayo mnunuzi hayasemi hata akibanwa na mlango: kwamba ana haraka, na kwamba hawezi kurudi mikono mitupu. Yote mawili yalishatolewa pamoja na chai. Na kosa la huyu Yusrah lilikuwa nini? Alikuwa mtu wa Mombasa, akamwona mama mtu mzima anazubaa mlangoni mwa lifti, akamwambia shikamoo. Basi! Mwezi mzima Nairobi hakuna aliyemwamkia mama kwa adabu anayoijua, leo amempata mmoja. Angempa hata funguo za nyumba.

Nikajikaza. Nikaikagua mashine kana kwamba sina shida nayo. Ilikuwa nzuri, ya nyuzi nne, mota yake haipigi kelele, meza imara. Niliipenda palepale lakini uso niliukunja.

"Kiasi gani?"

"Hamsini na mbili elfu."

"Thelathini na nne."

Akacheka. Nikageuka nikaondoka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano, naisikia kabisa pumzi yake nyuma yangu, naijua pumzi ya muuzaji anayetaka kuita. Hatua ya saba nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Mwanangu Yusrah, mwambie baba Upendo arudi. Hela anayo. Lea kamshonea mfuko kwa ndani, hapo kiunoni."

"Baba Upendo!" Yusrah akaita, kicheko kimemjaa. "Mama asema urudi. Hela unayo, iko kiunoni."

Duka la jirani wakacheka pia. Nilirudi. Ningefanyaje? Huwezi kuondoka kwa hasira watu wameshaambiwa pesa yako iko wapi. Na siwezi kumwambia mama mkwe "usiseme hivyo". Ikabidi nimwambie Yusrah, adui yangu mwenyewe, "Mwambie mama namwomba apumzike, safari bado ni ndefu."

"Mama, asema upumzike."

"Mwambie nimeshapumzika."

Yusrah akatutazama mmoja mmoja. "Hivi nyinyi mwanifanya mimi simu, na mumeketi hatua tatu?" Nikamweleza kwa kifupi kwamba ndiyo heshima ya ukwe ya kwao. Akatikisa kichwa, akasema kwao hakuna hayo, lakini macho yakamng'aa. Alishaelewa kwamba tangu hapo kila neno letu lazima lipite kwake.

Nikasema basi nitajaribu kwingine. Nikamwomba Yusrah amwambie mama kwamba nakwenda kuangalia maduka ya jirani. Mama akajibu, "Mwambie asichelewe, na mimi huyu binti nimempenda." Nikapita maduka manne. La kwanza walianza na hamsini na tano. La pili hawakuwa na ya nyuzi nne. La tatu mzee mmoja aliniuliza, "Wewe si wa yule mama aliye kwa Yusrah?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi maliza pale, siwezi kumnyang'anya jirani mteja aliyemnywesha chai." La nne walishapata habari. Niliapa kimoyomoyo kwamba sitasafiri tena na binadamu yeyote.

Nikarudi kwa Yusrah saa saba imepita. Hapo tukaanza kazi kweli. Yeye arobaini na tano, mimi thelathini na tano. Nikawasha mashine, nikapitisha kipande cha kitambaa, nikaona kisu kimechoka, pindo linatoka na manyoya. "Unaona? Kisu hiki kimekufa." Akaona, akanywea, akashuka arobaini na mbili. Hapo mama akapaza sauti, "Mwambie baba Upendo mashine nzuri, inashona bila kelele kabisa." Khaa! Bei ikasimama palepale dakika kumi.

Nikaitoa kwa meno. Arobaini na moja. Arobaini. Mfukoni nilikuwa na arobaini kamili, na humo ndimo ilimokuwa nauli yetu kutoka Chalinze basi litakapotushusha, hela ya kula na ya kusafirisha mashine. Nisipobakiza elfu mbili na mia tano, tunalala njiani na ovaloki yetu. Saa nane ikapita. Nikasema neno langu la mwisho: "Thelathini na saba na mia tano, na visu viwili vipya juu."

Yusrah akavuta kitabu cha risiti. Mimi kitabu cha risiti nakijua: muuzaji akikigusa, ameshakubali, amebakiza kuona kama utaongeza. Unachotakiwa kufanya hapo ni kutokusema kitu. Nikaubana mdomo. Akafungua ukurasa. Akachukua kalamu. Akavuta pumzi.

"Mwanangu, usikubali hasara," mama mkwe akasema. "Mwambie baba Upendo aongeze. Hela ya njiani ninayo mimi, Irine kanipa."

Kalamu ikarudi mezani.

Sijui ni kitu gani kilinipanda. Niligeuka nikamtazama usoni, mimi, nikanyoosha kidole. "Mama, nyamaza! Hebu nyamaza! Utanyamaza lini wewe mama? Tangu asubuhi unaniharibia, nyamaza!"

Nilipiga kelele hadi mashine zilizokuwa zinajaribiwa maduka ya jirani zikasimama. Macho yake nikayaona, ya kahawia, yamefunguka kabisa. Halafu akaivuta khanga ikamfunika hadi usoni, akakiweka kikombe chini taratibu kisimwagike.

"Huyu si mama mkwe wako?" Yusrah akaniuliza kwa sauti ndogo. Kisha akaichukua kalamu, akaandika risiti upesi upesi bila kuniangalia. Thelathini na saba na mia tano. Visu viwili akavitupia kwenye mfuko. "Chukua. Chukua wende zako." Kisha akachutama mbele ya mama, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Bibi, niwie radhi, haya yametukia dukani mwangu." Mtu baki ndiye aliyemwomba msamaha.

Mchukuzi aliingiza mashine kwenye lifti, nami nikaingia nayo. Mama hakupanda. Alishuka ghorofa nne kwa ngazi, na magoti yake yale, akishikilia ukuta. Nilimsubiri chini nusu saa. Alipofika alipita upande wa pili wa mlango na kumfuata mchukuzi hadi kwenye basi.

Akakaa kiti cha mbele kabisa, mimi nyuma. Ndipo maneno yake yaliponiingia. Hela ya njiani ninayo mimi. Mama wa watu alikuwa hanivurugii, alikuwa ananichangia! Aliona nimekwama kwa elfu mbili na mia tano, akatoa zake alizopewa na mwanawe, na kwa kuwa hawezi kuninong'oneza, akapitisha kwa mtu pekee aliyekuwapo. Nilitamani nikamwambie. Nitamwambiaje? Kwa mdomo upi? Tulipofika Namanga foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, na karatasi yake ya kujaza mpakani wakati wa kwenda alijaziwa na kondakta kwa maelekezo ya Lea kwenye simu. Safari hii nilisimama karibu na kalamu mkononi, tayari kumjazia. Akampa karatasi mama mmoja wa Kiarusha asiyemjua, akamtajia jina lake, Anastazia, na kijiji alichozaliwa.

Morogoro asubuhi nikamtafuta mtu wa kumwambia mama kwamba Lea anamngoja Mikumi, amepika. Nikamtuma muuza maji. Akarudi akasema, "Yule mama kasema asante, anakwenda kwake." Akapanda treni ya Kilosa peke yake.

Jumatatu mwalimu mkuu alifika, akaiona ovaloki, akapitisha kidole kwenye pindo, akasema sawa, fundi, kazi ni yako. Nilipaswa kuruka. Watu wa barabarani walikuja kuishangaa, wakaniuliza bei, nikawatajia, wakapiga mluzi. "Oswald hujambo! Nairobi nako umewatoa jasho!" Nilikuwa naitikia huku masikio yako kwenye simu ya Lea.

Maana nilikuwa nangoja hukumu. Mambo ya kwao nayajua. Mama angesema neno moja tu, wajomba wa Lea wangeniita Mabwerebwere, wangenikalisha chini, wangenitoza mbuzi na doti ya khanga, ningepiga magoti, yakaisha. Nilishamtafuta hata mbuzi mwenyewe! Lea alizungumza na mama yake kila jioni, nami nikajifanya natia mafuta mashine. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hatimaye nikashindwa, nikamuuliza, "Mama anasemaje kuhusu safari?"

"Anasema mlisafiri vizuri," Lea akanijibu akitabasamu. "Anasema unajua sana kupatana."

Ningefurahi wangenichapa viboko. Angalieni nilivyofungwa: kumwomba msamaha mwenyewe siwezi, mila inakataa, na mara moja niliyomsemesha ndiyo iliyonifikisha hapa. Kumtuma mtu, nimtume nani? Lea? Nikimtuma Lea nimemfunulia kile ambacho mama yake amekificha ili binti yake akae kwa amani na mumewe. Nikienda kwa wajomba ni yale yale. Nilizunguka kichwani mwezi mzima, nikishona suti za watoto mchana kutwa, hasira zimenijaa na hakuna wa kumkasirikia.

Mwisho nikashona gauni. Nilichagua kitenge kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, nikakipiga ovaloki kila pindo, kola, mikono, mifuko miwili mikubwa anavyopenda. Vipimo sikuhitaji kuuliza, Lea anafanana na mama yake umbo, nilimpima Lea. Nikasema maneno nimekosa, basi kazi ya mikono itasema. Lea akafurahi mno, akalipeleka mwenyewe Kilosa Jumamosi.

Akarudi Jumapili jioni. Nikamuuliza kabla hajavua viatu, "Amelipokea?"

"Amelipokea, amelivaa kanisani leo leo, limemkaa! Ila mama naye siku hizi sijui vipi." Akafungua pochi, akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka juu ya mashine. "Kasema nikupe hii, hela ya fundi. Nimekataa, amekasirika. Nimemwambia mama, huyo si fundi, ni mkweo. Akasema nikupe tu."

Nikazihesabu. Elfu arobaini na tano, bei ninayowatajia wageni wanaoshuka kwenye mabasi, kabla hawajaanza kuomba nipunguze.

"Hakuuliza kama napunguza?" nikamuuliza Lea.

"Hapana," Lea akasema. "Aliuliza tu unatoza watu shilingi ngapi."